Siku Mama Naserian Alipoikagua Shule Yetu

Happy alinipigia simu wiki iliyopita, analia. Ni binti wa mdogo wangu, mwalimu mpya, amepangiwa shule moja upande wa Malambo na hajamaliza hata muhula mmoja.

"Mama mkubwa," akaniambia, "wamenisimamisha mbele ya mkutano mzima. Mzee mmoja ananiuliza kwa nini mjukuu wake yuko darasa la nne na hajui kuandika jina lake. Afisa elimu kata amekaa pale pale ananitazama!"

"Ukajibu nini?"

"Nikasema utoro umezidi."

"Ni kweli huyo mtoto ni mtoro?"

Akaanza kunieleza habari za mvua. Nikajua. Nikamwambia anisubiri nimalize kupalilia maharage, halafu nilipompigia tukaongea mpaka simu yangu ikazima chaji. Kesho yake akaniomba niyaandike haya, ayaweke kwenye kundi lao la walimu wapya. Basi nayaandika, wanangu. Mtanisamehe nikirukaruka, mimi nilifundisha madarasa ya chini, nimezoea kukatizwa.

Nianze na rejista, maana kosa langu kubwa liko humo.

Nilianzia kazi huku huku Karatu, milimani, chini ya mwalimu mkuu aliyeitwa Mwalimu Gwandu. Mengi mazuri ninayoyajua niliyapata kwake. Alinifundisha kwamba mtoto asiyeona ubaoni hatakwambia haoni. Atanakili kwa jirani, na madaftari yao wawili yatakuwa na makosa yale yale. Ukiyakuta makosa pacha, usimchape mtu, mkalishe anayenakili mbele, karibu na ubao. Alinifundisha kuita majina baada ya kipindi cha kwanza, kwa sababu wanaotoka mbali hufika wakati wenzao wameshaimba wimbo wa taifa, na ukiwahi kuita utawaandika watoro watoto ambao wako njiani wanakimbia. Hilo lishikeni.

Ila alinifundisha na jambo lingine. "Binti," aliniambia, "rejista yenye mapengo inamwita mkaguzi. Ipendezeshe." Kupendezesha maana yake ni kumwandika yupo mtoto ambaye hayupo. Mmoja leo, wawili kesho. Nilipendezesha rejista kwa miaka mingi bila dhamiri kunisuta, kama vile mtu anavyopiga deki kabla ya wageni.

Na tabia hiyo nilihama nayo nilipopewa ukuu wa shule kule chini, kwenye uwanda unaoelekea Olbalbal.

Sitaitaja shule. Ilikuwa na madarasa manne, ofisi moja, tangi la maji ambalo mara nyingi lilikuwa tupu, na upepo. Magari ya watalii yalipita barabarani yakitimua vumbi, na asubuhi nyingine nilikuwa nakwenda mwenyewe kuwatoa watoto barabarani walikosimama wakipigwa picha. Tulikuwa walimu watano. Niliyemtegemea zaidi alikuwa Lazaro, kijana wa huko huko, anayejua Kimaasai. Mimi Mwiraqw wa Karatu Kimaasai changu kiliishia kwenye salamu.

Matokeo yetu ya darasa la nne yalikuwa ya mwisho katika kata nzima, mwaka baada ya mwaka. Afisa elimu kata, ambaye nitamwita Bwana Elias, alikuja na pikipiki yake, akakataa chai, akaniambia, "Mwalimu, wakianguka tena mwaka huu, ukuu utauacha." Kisha akasema tuitishe mkutano wa wazazi, yeye awepo, tuwaeleze hali ya shule.

Tulijiandaa. Niliandika taarifa ya kurasa tatu. Lazaro akamwandaa mtoto wa darasa la tatu, Lemayian, asome mbele ya wazazi.

Wazazi walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Wanaume walikaa upande wa kivuli cha darasa na fimbo zao, wanawake upande wa pili, shanga zao zinalia kila wakigeuka. Lemayian akasimama, akafungua kitabu, akasoma. Alisoma vizuri jamani! Hakukwama hata mara moja. Bwana Elias alianza kutikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikajisikia mwepesi.

Akasimama mama mmoja, mrefu, wa makamo. Alikuwa anaitwa Mama Naserian, mke wa mzee Koinet. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Kiswahili chake alikipata mnadani, cha kukatakata, lakini kila neno lilifika.

"Mwalimu," alisema, "nauliza. Huyu ng'ombe amekufa?"

"Ng'ombe yupi, mama?"

"Wa kwenye kitabu. Miguu iko juu."

Nikageuka. Lemayian alikuwa ameshika kitabu juu chini. Alikuwa amekariri ukurasa mzima, neno kwa neno, kama wimbo, na kitabu alikishika kwa adabu tu. Walicheka wazazi mpaka mtoto wa watu akaanza kulia, nikamvuta nikamficha kwenye kanga yangu.

Ningekuwa na akili ningefunga mkutano pale. Badala yake nikakimbilia taarifa yangu. Nikasoma kwa sauti: darasa la tatu, wiki ya kwanza ya mwezi uliopita, mahudhurio kamili, watoto wote.

Mama Naserian alikuwa bado amesimama.

"Wiki hiyo," alisema, "ndiyo ng'ombe walipanda juu kutafuta maji."

Kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kukiona tena. Akaacha Kiswahili, akaanza kwa Kimaasai, taratibu, anaelekeza kwa kidevu boma moja baada ya jingine. Lazaro alikuwa ameketi karibu yangu na rejista magotini, ananitafsiria huku kidole chake kinashuka kwenye majina. Boma lake mwenyewe: Naserian alikuja shule siku zote, Lemayian, wa nyumba nyingine humo humo, alikwenda na ndama siku tatu. Boma la jirani: pacha wawili walipanda na mama yao, hawakurudi hadi mwezi ulipoandama. Boma la kule kwenye korongo: msichana alikuwa na macho mekundu, alilala ndani. Akaenda hivyo darasa zima. Hakuhesabu kwa vidole, hakurudia jina, hakusita. Lazaro alininong'oneza kwamba kwao mtu hahesabu watoto, kama asivyohesabu ng'ombe. Anawajua tu, na asiyekuwepo anaonekana kwa pengo lake.

Nilitazama rejista yangu. Karibu nusu ya alama za "yupo" nilizoandika zilikuwa za watoto waliokuwa milimani nyuma ya ng'ombe.

Na alipofika mwisho akaongeza kwa Kiswahili, kwa upole kabisa, "Na huyu binti wa Sironka mwezi ule mwingine mlimwambia baba yake ni mtoro. Alikuja. Nilimwona mimi akiingia getini. Mlimsahau."

Wanangu, hebu fikirini. Mama asiyejua herufi moja alikuwa anashika kichwani rejista sahihi kuliko yangu iliyopigwa mhuri, na ndani yake alikuwa anawatetea hata watoto wa watu wengine. Nilikuwa na kalamu, wino wa rangi mbili na rula. Yeye alikuwa na macho na alikuwa anajali.

Bwana Elias alikohoa. Nilijua anataka niseme kuna hitilafu ya uandishi. Neno hilo lilikuwa tayari mdomoni. Nikasimama, nikasema, "Mama anasema kweli. Nimewaandika watoto ambao hawakuwepo. Nimefanya hivyo kwa muda mrefu."

Wazee waliinamia fimbo zao.

Baada ya mkutano Bwana Elias alinipeleka nyuma ya tangi. "Umejichimbia kaburi, Mwalimu. Na mimi umenivuta shimoni. Andika maelezo, kesho yawe mezani kwangu."

Niliandika. Kesho yake, baada ya kumkabidhi Lazaro madarasa, nikatembea mpaka boma la Koinet.

Nilimkuta Mama Naserian anakandika nyumba, mikono yote samadi mpaka viwiko.

"Takwenya, yeyo," nilimsalimia kwa Kimaasai, yeyo ndiyo mama.

"Iko," akaitika, bila kuacha kazi. Nilisimama pale kama mtoto aliyechelewa. Mwishowe nikasema, "Nimekuja kuomba radhi. Na kukuuliza tufanye nini."

Akanitazama. "Mimi ng'ombe akiumwa siambiwi na mtu. Naangalia macho, nashika sikio, najua. Mtoto mnasema anasoma. Mnaniletea karatasi. Karatasi siijui. Kwa mtoto nishike wapi?"

Miaka yote ile ya kazi, semina, miongozo, na hakuna aliyewahi kunifundisha jibu la swali hilo. Yeye akaendelea kupaka ukuta, anafikiri. Kisha akageuka.

"Yale madoa mnayoandika, ni maneno kweli?"

"Ni maneno, yeyo."

"Basi nitampa mtoto mmoja neno sikioni, alifunge kwenye karatasi. Mtoto mwingine akae mbali, asisikie. Karatasi imfikie, alifungue. Likitoka neno langu, shule ipo. Likitoka lingine, hakuna shule."

Nilirudi njia nzima naongea peke yangu. Jaribio lile halihitaji mtihani uliofungwa kwenye bahasha wala mtu aliyesoma. Na hakuna namna ya kulidanganya. Neno liko kichwani mwa mama, mtoto hawezi kulikariri kabla halijasemwa, na mimi sijui Kimaasai, kwa hiyo hata nikitaka kumsaidia mtoto siwezi. Lazaro aliposikia alishika kiuno, akasema, "Lakini mkuu, sisi tunafundisha Kiswahili." Mama Naserian alipoambiwa hivyo akauliza kama herufi zinaogopa Kimaasai. Tukaanza kukata karatasi.

Ijumaa ya kwanza walikuja akina mama sita. Msichana wa darasa la nne alinong'onezewa, akaandika kwa muda mrefu, karatasi ikapelekwa nyuma ya darasa. Mvulana akaikodolea macho, akavuta pumzi, akasoma kwa sauti kubwa: "Baba analima shamba la mahindi."

Ilikuwa sentensi ya kwenye kitabu. Ndiyo aliyoijua.

"Sikusema hivyo," alisema Mama Naserian. "Sisi hatuna shamba."

Hawakucheka safari hii. Walivaa shuka zao vizuri, wakaondoka. Nilikaa ofisini nikitazama mlango, nikajua kwamba nilikuwa nimesikia matokeo ya shule yangu, na hayakuhitaji kusahihishwa na mtu yeyote.

Sasa hapa ndipo penye kazi, na hapa naomba msome polepole. Tuliacha kuimba vitabu. Kila mtoto alishika kijiti, akakaa chini uwanjani. Asubuhi tulimwuliza mmoja atupe neno la nyumbani kwake. Akisema "ndama", tunalikata kwa makofi: nda, ma. Tunaandika mavumbini. Nani ana neno lingine lenye "ma"? Wanapigana kulitoa. Neno likitoka kinywani mwa mtoto mwenyewe halikaririki, kwa sababu kesho ataleta jingine. Uwanja ulijaa maandishi mpaka mbuzi walipopita tulikuwa tunawafukuza kama wanakanyaga madaftari. Wa darasa la nne tuliwarudisha kwenye silabi bila aibu. Mmoja alisema yeye ni mkubwa. Nikamwambia hata mimi narudia.

Rejista niliiacha iseme kweli. Mama Naserian alipita getini kila asubuhi na punda wake wa maji, na kabla sijafungua kishikwambi tulichopewa cha kutuma mahudhurio wilayani ananiambia nani amekwenda wapi. Takwimu zikashuka vibaya. Bwana Elias akapiga simu: "Kwenye mfumo shule yako inaonekana nyekundu tupu! Nini kimetokea?"

"Ndivyo ilivyokuwa siku zote, Bwana. Sasa inaonekana."

Akakata simu. Lakini kuna kitu nilikuwa sijakitarajia. Kwa kuwa mapengo sasa yalijulikana na watu wote, akina mama wakaanza kuyaona kama ya kwao. Ng'ombe walipopanda tena juu, bibi wawili walibaki uwandani na watoto wa shule wa maboma manne. Hakuna aliyewaagiza. Mimi nilipata habari siku nilipoita majina nikakuta wapo.

Niwaambie mapema mambo yalivyoishia, msije mkadhani ni hadithi ya kutungwa. Barua ya onyo nilipewa, ninayo mpaka leo, na niliistahili. Ukuu sikuvuliwa. Darasa la nne mwaka ule waliofaulu walikuwa wengi kuliko walioanguka, jambo ambalo shule ile ilikuwa haijawahi kulishuhudia. Hatukuwa wa kwanza kwenye kata, msije mkasema nimesema. Bwana Elias alikuja Ijumaa moja, akakaa chini na akina mama, na safari hiyo chai alikunywa.

Tarehe ya matokeo hayo nimeisahau. Siku ninayoikumbuka ni ile nyingine, kabla ya mtihani.

Ilikuwa Ijumaa kama zile nyingine ambazo tulishashindwa, ila siku hiyo wanaume nao walikuja, kwa sababu ya mnada kuahirishwa. Mzee Koinet alikuwa mbele, amefunga shuka nyekundu, kidevu kwenye fimbo. Hakuamini shule na hakulificha hilo.

Mama Naserian aliinama kwenye sikio la msichana wa Sironka, yule tuliyemsingizia utoro. Alinong'ona kirefu. Msichana akafunika mdomo kwa mkono, macho yakamtoka, akamtazama mama kama anauliza, kweli niandike? Mama akamwashiria aandike.

Akaandika. Niliona ulimi wake ukitokeza pembeni ya mdomo. Akafuta, akaandika tena. Karatasi ikakunjwa, Lazaro akaipeleka nyuma ya darasa la mbali, akarudi na Lemayian. Yule yule wa ng'ombe wa miguu juu. Mimi nilisema moyoni, Mungu wangu, si huyu.

Lemayian aliigeuza karatasi, akaiweka sawa. Midomo ikaanza kufanya kazi kabla ya sauti. Akatoa silabi. Akarudi nyuma, akaziunga. Alikuwa anasoma kwa shida, anakwama, anajikwamua, jasho linamtoka, wala hakufanana kabisa na yule mtoto wa siku ya kwanza aliyesoma kama maji yanayotiririka. Akamaliza.

Halafu uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Wanawake walishikana mabega. Wazee walipiga fimbo chini. Mtu pekee aliyekuwa haelewi alikuwa mimi, mwalimu mkuu. Nilimvuta Lazaro shati, naye hakuweza kusema kwa kucheka.

"Kasema nini? Lazaro! Kasema nini?"

"Anasema," Lazaro akafuta machozi, "siku ya mvua ya mawe, ndama wake mweupe alilala kwenye kitanda cha mume wake. Na hakumwambia."

Mzee Koinet alikuwa amesimama wima. Alimtazama mkewe, akamtazama mtoto, akaitazama karatasi. Akanyoosha fimbo kwa mtoto mwingine, binti yake Naserian, aliyekuwa mbali kabisa kwenye tangi. "Huyu asome."

Naserian akasoma. Yakatoka yale yale, mpaka neno la mwisho.

Akamwita wa tatu, mtoto wa korongoni, ambaye hakuwepo hata walipocheka. Yale yale.

Hapo kicheko kikafa chenyewe. Mzee akaniambia kwa Kiswahili, nadhani ndiyo mara ya kwanza alinisemesha moja kwa moja, "Mwalimu, ukimtuma mtu habari, njiani anaongeza yake. Hawa watoto watatu hawakuongeza."

"Hawakuongeza, mzee."

"Hata kunificha hawakunificha."

Nilikuwa nimefundisha kusoma zaidi ya miaka thelathini. Nilishafika mahali nikidhani kusoma ni alama za vema na asilimia. Na pale, kwenye vumbi, nikaona maneno yametoka kwenye kichwa cha mama, yamepita mkononi mwa mtoto, yamekaa kimya kwenye karatasi nyuma ya ukuta, yakatoka mazima kwenye vinywa vitatu. Ilibidi nishike ukuta.

Mama Naserian peke yake alikuwa hajacheka tangu mwanzo. Alichukua karatasi kwa Naserian, akaitazama mbele na nyuma, akaishika juu kwenye jua kana kwamba ndama anaweza kuonekana kwa upande wa pili. Kisha akaikunja ndogo, akaifunga kwenye pindo la shuka yake, akanijia.

Nilidhani atanishukuru. Nilishaanza na kutabasamu.

"Hawa ni watatu," aliniambia. "Wengine wako wapi?"

Nikageuka nikawaita darasa la nne wote watoke nje, na akina mama wakaanza kupanga foleni, kila mmoja na neno lake la kunong'ona.